Rubani akighairi kutua Hong Kong, mwacheni afanye kazi yake

Ikifika Agosti na Septemba magrupu ya WhatsApp ya watu wanaofata mzigo Guangzhou wakipitia Hong Kong yanajaa lalamiko lile lile, flaiti imechelewa, flaiti imefutwa, au ile inayowaudhi watu zaidi, ndege imeshuka mpaka abiria wanaona meli baharini halafu ghafla rubani anakandamiza injini na kupanda tena juu, watu wanalia, na akishatua salama mtu anaandika kwa hasira eti rubani hajui kazi. Mi nasema hapana jamani. Kwenye uwanja ule rubani anayeghairi kutua ndo rubani uliyemlipia nauli, na naomba nieleze kwa nini, maana wengi wanalaumu bila kujua pale pana upepo gani.

Zamani Hong Kong walikuwa na uwanja unaitwa Kai Tak, katikati ya mji, ndege ilikuwa inakuja kukata kona kali ya kulia juu ya mapaa ya nyumba ndo iipate njia ya kutulia. Tarehe 6 Julai 1998 wakahamia Chek Lap Kok, uwanja uliojengwa kwa kusawazisha visiwa na kufukia bahari, sehemu pana na hakuna magorofa ya kukwepa. Mtu ukiangalia picha unasema basi hapa shida zimeisha. Ila kusini ya uwanja kuna kisiwa kikubwa cha Lantau, chenye mlima wa mita 934, tena ni safu ya vilima na mabonde katikati, na upepo ukitoka mashariki au kusini lazima upite juu ya hiyo milima kabla haujafika kwenye njia za ndege. Ukipita pale unavunjika, kama maji ya mto yakishapiga mawe, huku yanakimbia, huku yanazunguka, huku yamelala kabisa, na ndege inayoshuka inapita ndani ya vipande vyote hivyo ndani ya muda mfupi sana.

Hatari yake iko hivi. Ndege kubwa ikikaribia kutua inakwenda kama kilomita 250 kwa saa na imeshapunguza mwendo karibu na kiwango cha chini inachohitaji ili ibaki hewani. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa, kwa hiyo kama ilikuwa inapata upepo wa mbele halafu upepo ule ukakatika ghafla, mabawa yanapoteza nguvu hapo hapo na ndege inazama wakati haina nafasi ya kuzama. Marubani wanaita windishia. Kule wakishaona upepo wa mbele unabadilika kwa kilomita 28 hivi kwa saa au zaidi, tahadhari inatolewa, na upungufu ukifika kama 55 na kuna mvua basi tahadhari inapanda daraja kabisa. Hong Kong Observatory, idara yao ya hali ya hewa ambayo ipo tangu 1883, inasema tangu uwanja ufunguliwe kama ndege 1 kati ya 500 imeripoti windishia ya maana. Kwa uwanja wenye mamia ya ndege kwa siku, hesabu mwenyewe.

Na haingoji kimbunga, hili ndo watu hawalijui. Sisi wa pwani tuna kaskazi na kusi, na kule nako pepo zinageuka kwa msimu, baridi unavuma wa kaskazini mashariki, kiangazi chao unakuja wa kusini magharibi na unyevu wake. Kati ya Februari na Aprili hewa ya joto yenye unyevu inapita juu ya maji ya pwani ambayo bado yana ubaridi, ukungu unashuka, na miezi hiyo hiyo upepo wa mashariki ukipanda Lantau unatoa windishia hata siku ambayo abiria anaona anga shwari kabisa. Kuna siku nyingine upepo wa baharini wa mchana unaingia kutoka magharibi unakutana na wa mashariki hapo hapo uwanjani, ndege inaanza kushuka na upepo huu na inamaliza na mwingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mbona jua lilikuwa linawaka na bado tuligeuzwa, jibu ni hilo, upepo hauonekani kwa macho.

Ndo maana nawaheshimu sana wale watu, kwa sababu walikubali kwamba wamejenga sehemu ngumu wakaamua kuupima upepo wenyewe. Uwanja ulivyofunguliwa tayari walikuwa na rada maalum imewekwa Tai Lam Chung, kama kilomita 12 kutoka uwanjani, inaangalia njia za ndege. Rada lakini inategemea matone ya mvua ili ione mwendo wa hewa, siku kavu haisaidii sana, na windishia ya milimani inakuja siku kavu pia. Basi 2002 wakafunga lidari, mashine inayorusha mwanga wa leza usioonekana kwa macho, mwanga ukigonga chembe za vumbi zilizoko hewani unarudi na mashine inajua zile chembe zinakimbia kwa kasi gani na zinaelekea wapi, na mwisho wa 2005 ikawa inatoa tahadhari yenyewe kwa mwongoza ndege, uwanja wa kwanza duniani kufanya hivyo. Lidari siku kavu, rada siku ya mvua, vipima upepo kando ya njia za ndege, maboya baharini, vituo juu ya milima. Halafu juu ya yote hayo kuna ripoti za marubani wenyewe, aliyetangulia anamwambia anayefuata nimekutana na kitu gani na wapi. Hicho kipande cha mwisho mi ndo nakipenda kuliko mashine zote.

Gharama ya kuendelea kushuka ilishaonekana. Tarehe 22 Agosti 1999 ndege ya China Airlines namba 642 ilikuwa inatua pale wakati kimbunga Sam kinapita, mvua na upepo wa pembeni mkali, ikashuka kwa kasi kubwa mno, magurudumu ya kulia yakapiga chini kwa nguvu, bawa likakatika na ndege ikapinduka miguu juu ikawaka moto. Walikuwa 315 ndani, 312 wakatoka hai na watu 3 wakafariki. Uchunguzi uliangalia jinsi kasi ile ya kushuka haikuzuiwa sekunde za mwisho. Mtu akishajua habari hii sielewi anapata wapi ujasiri wa kumtukana rubani aliyepandisha ndege.

Kuna na ile ya kukaa ndani ya ndege mmeshatua na mlango haufunguliwi, mabegi hayashuki, saa inakwenda. Mara nyingi kiangazi ni radi. Uwanja una mfumo wa tahadhari ya radi, ikiwa nyekundu wafanyakazi wa nje wote wanaacha kazi wanaingia ndani, kwa sababu mtu aliyesimama kwenye uwanda wazi karibu na ndege na magari ya chuma ndo wa kwanza kupigwa. Yule kijana anayebeba begi lako ana watoto kwao. Begi linasubiri.

Nikirudi nyumbani, hapa ndo roho inaniuma. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikienda kutua Bukoba, hali ya hewa ilikuwa mbaya, walikuwa 43 na wenzetu 19 walifariki. Tuliongea sana habari za uokoaji, wavuvi walivyofika kwanza, na ilikuwa haki kuongea. Ila hatujaongea vya kutosha kuhusu upepo na mvua za maziwa na milima yetu, na nani anazipima uwanja kwa uwanja. Uwanja mpya ukizinduliwa tunaonyeshwa vioo, maduka na sehemu ya VIP, mi nataka waandishi wetu waulize kwenye uzinduzi huo huo, mnapima upepo kwa vifaa gani, sehemu ngapi, na rubani anapewa taarifa ndani ya sekunde ngapi. Hong Kong wana hela, sawa, lakini vipima upepo vya kawaida na utaratibu wa marubani kupeana ripoti haviitaji hela ya Hong Kong.

Kwa wanaosafiri msimu huu sasa. Kimbunga kikikaribia, Observatory wanapandisha ishara, 1, 3, 8, 9 mpaka 10, na ikishafika 8 ofisi na shule zinafungwa na boti zinasimama, kwa hiyo hata ukitua kuvuka kwenda China bara ni shida. Uwanja wenyewe kwa kawaida haufungwi, mashirika ndo yanaamua kufuta, na Mangkhut ya Septemba 2018 ilipofika ishara 10 flaiti zilifutwa kwa mamia, foleni ikawa ya siku kadhaa. Fatilia ishara kwenye tovuti yao mapema, ziko wazi bure. Ukikata tiketi ya Agosti au Septemba usiunganishe flaiti mbili kwa masaa mawili, na usimwahidi mwenye kontena siku ile ile unayotua, weka siku moja katikati.