Kitenzi Kilichokula Nauli Yangu

Neno lenyewe nililiokota katika banda umiza moja la Magomeni, usiku wa mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, timu ninayoishabikia ikiwa mbele kwa mabao mawili. Mtangazaji alitamka "relinquish" kwa sauti nzito, wachezaji wakakumbatiana penye kibendera cha kona, na mimi niliyekuwa nikijua kwamba "relish" ni kufurahia kitu nikahitimisha, bila kumuuliza mtu, kwamba hili ni neno lile lile lililovaa suti. Kilichonipita ni ukanushi uliolitangulia: mtangazaji alikuwa akisema kwamba timu ile haitakubali kuachia uongozi wa mchezo.

Wiki tatu baadaye, ofisi ninayofanyia kazi maeneo ya Posta, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado inanilipa, ilitutangazia posho ya nauli ya shilingi 80,000 kwa mwezi na kumtaka kila mfanyakazi athibitishe kwa barua pepe. Mkurugenzi wetu ni mgeni, kwa hiyo barua zote huandikwa kwa Kiingereza. Wenzangu waliandika kwamba wamepokea na wanashukuru, wakaendelea na kazi zao. Mimi nilitaka barua yangu ikumbukwe, nikaandika "I gladly relinquish my transport allowance", nikaisoma mara mbili kwa sauti ya chini, nikaona imekaa vizuri, nikaituma.

Ilikumbukwa. Katika kikao cha Jumatatu, mama wa utumishi alinitaja kwa jina mbele ya watu wote, akasema kwamba vijana wanaotanguliza ofisi mbele ya matumbo yao wamekuwa adimu. Ukumbi ulipiga makofi. Sikuelewa ni kwa nini mtu apigiwe makofi kwa kupokea nauli, lakini makofi hayarudishwi, kwa hiyo nilisimama, nikaweka mkono kifuani na kuinama kidogo, kisha nikawapungia waliokaa nyuma.

Mwisho wa mwezi niliufungua mshahara wangu nikaukuta umebaki vile vile. Nilishuka kwa mhasibu, mzee wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mzalendo."

"Mzee, nauli yangu siioni."

"Utaionaje, mwanangu, na wewe mwenyewe umeiachia? Tena kwa furaha." Akaigeuza kompyuta yake, akaweka kidole juu ya sentensi yangu na kukiacha hapo hadi nilipomaliza kuisoma.

Hapo ndipo ningeweza kukiri kwamba neno lile sikulijua. Badala yake nilimwambia kwamba nilikuja kuhakikisha tu kuwa agizo langu limetekelezwa, nikamshukuru, nikatoka. Kwa mwezi mzima uliofuata nilikuwa nikiyaangalia mabasi ya mwendokasi yakinipita, nami nikivuka Jangwani kwa miguu, viatu vya kazini vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya tope la masika.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza tunayekunywa naye kahawa Magomeni. Alicheka mpaka kikombe kikamwagika, kisha akaniuliza maswali kama yuko darasani. Alinieleza kwamba neno hilo asili yake ni Kilatini, "relinquere", yaani kuacha nyuma, na kwamba "derelict", jengo lililotelekezwa, ni ndugu yake wa damu. Kwa Kiingereza hulitumii peke yake. Ni lazima utaje kinachoachiwa, na mara nyingi kitu hicho ni haki, madaraka, dai au uongozi. Anayeacha sigara huambiwa ame-"quit", anayejiuzulu kazi ame-"resign", na mfalme akiacha kiti, kama Edward VIII alivyofanya mwaka 1936, ame-"abdicate".

"Na Mwalimu Nyerere?" niliuliza, nikitumaini kumtoa kwenye habari zangu.

"Mwalimu alipoondoka mwaka 1985 aling'atuka, na neno hilo tulilipata kutoka Kizanaki. Yeye alijua anachokiachia. Wewe je?"

Nilijaribu kujitetea kwamba kitu hakiachiwi kabla hakijashikwa, na posho ile haikuwahi kufika mkononi mwangu. Alitikisa kichwa. Haki yake nilikuwa nayo, alisema, na hiyo ndiyo niliyoiachia. Fedha ziliifuata tu.

Nilimwomba aniandikie barua ya kuirudisha, akakataa katakata. Alisema niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa mama wa utumishi anakijua, na mimi pia, angalau hicho, ninakijua. Niliandika mistari minne na kukiri kila kitu. Baada ya wiki moja likaja jibu la mkurugenzi, nusu ukurasa wa Kiingereza, na katikati yake kitenzi ambacho sikuwahi kukutana nacho. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Niliichapa barua na kuipeleka Magomeni kama ilivyo.

Mwalimu aliisogeza karibu na taa ya muuza kahawa, akaisoma hadi saini, akaikunja mara nne na kunirudishia.

"Muuza kahawa," aliita, "tupe kashata nne. Huyu atalipa mwisho wa mwezi."