Jini Mahaba Anastahili Riwaya Nzuri Zaidi

Shangazi yangu wa Tanga hasomi riwaya za majini. Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, naye hazisomi. Ukiwasikiliza harakaharaka utadhani wamekubaliana, kumbe wanapingana vibaya. Mwalimu anasema mambo hayo ni uongo, na uongo haumfai mtu mzima mwenye shughuli zake. Shangazi anasema mambo hayo ni kweli, na ya kweli hayachezewi wala hayauzwi dukani.

Mimi nasoma yote: za mapenzi, za kutisha, za falme zisizo kwenye ramani. Nimesoma vijitabu vya karatasi nyepesi vilivyokuwa vikiuzwa stendi. Nimefuata hadithi za magazeti pendwa zilizokuwa zikikatika kila wiki kwenye neno "itaendelea". Siku hizi nafuata zile zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambako sehemu za mwanzo ni za bure na ukishanogewa unaambiwa utume pesa kwa simu ili upate zilizobaki. Wahakiki wetu wamebishana miaka mingi kuhusu riwaya pendwa, zile za burudani, na riwaya dhati, zile nzito, ipi fasihi na ipi si fasihi. Ubishi huo umenichosha. Ugomvi wa shangazi na mwalimu, ambao wenyewe hawajui kwamba wanagombana, una mengi zaidi ya kutufundisha kuhusu hadithi hizi.

Nianze na mwalimu, maana hoja yake ni nzito kuliko sisi wapenzi wa hadithi za kutisha tunavyopenda kukiri. Kwetu hofu ya uchawi haibaki kitabuni. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa maisha mazima. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa kuwa kuna mtu aliyeamini viungo hivyo vitamtajirisha. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku vitandani, ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, na watu wazima wakawa wanalala nje kwa makundi wakiogopa vyumba vyao wenyewe. Sasa mwandishi anapomchora bibi kizee mwenye macho mekundu anayeruka na ungo usiku, kisha mwisho wa hadithi kijiji kinamchoma moto na msomaji anatarajiwa kushangilia, mwandishi huyo ameongeza kuni kwenye moto unaounguza watu kwelikweli. Nimeziacha njiani hadithi za namna hiyo, na sitazitetea.

Lakini mwalimu haishii hapo. Kila ninapompa kitabu, swali lake la kwanza ni dhamira yake nini, na la pili ni ujumbe wake nini kwa jamii. Ni maswali ya mtihani, na yametukaa wengi wetu mwilini tangu kidato cha kwanza. Kwa mizani hiyo mzimu huruhusiwa kuingia fasihini ikiwa tu umebeba kibali. Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, iliyotoka 2001, inakubalika kwake kwa sababu mzuka wa babu unamjia mjukuu wake K., kigogo aliyenenepa kwa mali ya umma, na kumtembeza aone hali ya watu aliowasahau. Mwalimu anaipenda, nami naipenda, ila sababu zetu ni mbili tofauti. Yeye anapenda kwamba babu ni dhamiri ya taifa. Mimi napenda kwanza ule ubaridi wa marehemu wako kukuingilia nyumbani mwako, akakuita kwa haki ya babu, nawe huna mlango wa kumfungia. Bila ubaridi huo fumbo lote linabaki hotuba.

Na wala si jambo jipya kwetu. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mwaka 1870, ndani yake mlikuwa na ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza na mifugo, anapanda hadi watu. Raia wanakwenda kulalamika, na sultani anamtetea paka wake, mpaka siku mnyama huyo anapowarukia watoto wake mwenyewe. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mla watu. Unaweza kuisoma kama ngano ya watawala na vipenzi vyao, na usomaji huo ni sahihi. Lakini mtoto aliyeisikiliza gizani, baada ya "paukwa" na "pakawa", hakuwaza utawala. Aliwaza paka wa nyumbani kwao, amelala pale karibu na figa, ukubwa wake jana na ukubwa wake leo.

Hoja ya shangazi ndiyo iliyonisumbua muda mrefu zaidi, kwa sababu mwanzoni niliidharau. Msomaji wa London akifungua hadithi ya mnyonya damu ana mapatano na mwandishi wake kwamba wote wawili hawaamini, basi wanaogopa kwa raha na kulala salama. Shangazi hana mapatano hayo. Anajua jirani aliyechinjiwa mbuzi kwa ajili ya pepo. Anajua udi upi unaitwa wa nini, na nani hapendi marashi gani. Ukimwandikia kwamba jini limetokea mlangoni, hujamhadithia. Umempa taarifa, tena huenda ukawa umelikaribisha.

Nikitafsiri hofu yake kwa lugha ya ufundi wa uandishi, naona lawama ambayo waandishi wetu wengi wa kutisha wanastahili kabisa. Mwandishi wa kule ambako mambo haya hayaaminiwi analazimika kuijenga hofu sentensi kwa sentensi: mlango, harufu, kimya kilichozidi kiasi. Wa kwetu anaikopa. Anaandika "mara msukule ukasimama mbele yake", yaani mfu aliyerudishwa na wachawi, basi, kazi imekwisha, maana msomaji ameshabeba hofu yote kutoka mtaani kwao. Mkopo huo haulipwi. Ukiondoa neno msukule, au jini, au chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za watu, kurasa zinabaki na watu wanaokimbia na kupiga kelele. Shangazi anahisi kwamba mtu anafanya biashara kwa hofu yake bila kuongeza chochote juu yake, na hapo nasimama upande wake.

Mfano wangu ni jini mahaba, kwa sababu ndani yake mapenzi, kutisha na ajabu vimekaa nyumba moja. Nje huko maduka yana rafu ya mapenzi, rafu ya kutisha na rafu ya fantasia. Sisi tuna kiumbe anayebomoa rafu zote tatu. Jini mahaba anampenda binadamu, anamjia usiku, anamwonea wivu, anamvurugia wachumba mmoja baada ya mwingine. Wakristo wana jina lao, pepo mahaba, na mikutano ya maombezi ya kumtoa. Kila mtaa una binti anayesemwa hivyo, mzuri, ana kazi, haolewi. Fikiria riwaya inayoweza kutoka hapo! Mwanamke ambaye haruhusiwi kusema kwamba mchumba aliyeletwa hamtaki, lakini jini lake linaruhusiwa kusema kwa sauti nzito mbele ya wazee wote. Mwanamke anayependwa usiku kwa namna ambayo mchana hajawahi kupendwa, na anayeogopa zaidi kuponywa kuliko kuugua.

Badala yake, katika hadithi nyingi za jini mahaba nilizosoma, mwisho ni uleule. Mganga au mchungaji anaingia zikiwa zimebaki kurasa chache, jini linapiga kelele, linataja lilikotoka, linatoka. Harusi. Hakuna aliyemuuliza binti alikuwa anataka nini. Mwandishi ametufikisha mlangoni pa chumba chenye siri ya kutisha kuliko jini lenyewe, halafu akafunga na kutuaga. Nadhani kasi ya kuandika sehemu moja kila siku inachangia, kwa sababu anayelipwa kwa kipande hupata faida kwa kuchelewesha mwisho, na mwisho wenyewe ukifika hauna tena pesa ndani yake.

Riwaya za mapenzi tupu zina kesi nyingine. Zinasemwa kwamba zinaharibu maadili ya vijana, na kwa hili siungi mkono hata kidogo, kwa kuwa tumeshaona mwenendo wa kesi hiyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa tuhuma hizohizo. Baadaye ikasomwa shuleni, na wengi tuliiona kuwa kitabu kinacholia juu ya baba anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Kinachonikera mimi katika hadithi za sasa ni kitu kingine: kofi linaloandikwa kama mahaba. Shujaa ana gari, ana nyumba Masaki, anamfungia mpenzi wake ndani kwa wivu, na mwandishi anatuambia hivyo ndivyo anavyompenda. Simlaumu kwa kukiuka maadili. Namlaumu kwa kuyajua mapenzi juujuu na kuyaeleza vibaya. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, 1999, alituonyesha Yasmin akimkimbia mume aliyechaguliwa na wazazi, mzee kwake mno, na mapenzi ya kitabu kile yana njaa, aibu, na gharama ya kukataliwa na ndugu. Hapo ndipo mtu anapoamini.

Kuhusu fantasia nitasema machache, kwa sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili siku hizi na kunivutia ni chache. Shaaban Robert alikwisha kutuwekea nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, na mwaka uliofuata, katika Adili na Nduguze, akatupa ndugu wawili waliogeuzwa manyani na mtu mwema anayelazimika kuwachapa kila usiku ingawa moyo wake hautaki. Picha ile ya mjeledi na machozi haijanitoka tangu nilipokuwa mdogo. Vijana wanaoandika leo, wengi wao, wananiletea majumba ya mawe yenye theluji na mazimwi yanayolinda dhahabu milimani. Sina ugomvi na theluji. Ila nikisoma nahisi mwandishi hajawahi kuigusa, kama ambavyo naamini ameigusa bahari, amesimama kwenye mdomo wa mapango ya Amboni akahisi hewa inayotoka mle ndani, na amesikia wakubwa wakipunguza sauti walipofika kwenye neno Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi yetu.

Mwaka jana nilimpelekea shangazi Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960. Nilidhani nimepata dawa ya pande zote mbili: maiti inakutwa penye mzimu, watu wanatetemeka, kisha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anaingia, anapima, anauliza, na kumtoa hadharani muuaji wa nyama na damu. Mwalimu huisifu sana kwa hilo, akili imeshinda ushirikina. Shangazi aliisoma kwa siku tatu, kibarazani, na kila siku aliiweka chini kabla ya magharibi. Siku ya tatu nilimuuliza ameionaje.

"Nzuri, mwanangu. Mtu wamempata," akasema, akiinuka kwenda kutia udi. "Mzimu wenyewe je, nani kauuliza?"