Kikombe cha panya na sahani ya nguruwe

Rafiki yangu anayefundisha baiolojia katika sekondari moja ya Iringa huanza somo la matabaka matatu ya kiinitete cha mamalia kwa kuchora kikombe ubaoni. Kikombe hicho ni kiinitete cha panya mdogo wa maabara cha siku sita na nusu, na ndani yake hupachika mishale ya rangi kuonyesha seli zikitumbukia kwenye mfuo wa awali, ule mstari ambamo seli huzama: nyingine zinakwenda kuwa endodemu, tabaka la ndani, nyingine mesodemu, tabaka la kati, na zile zisizotumbukia zinabaki kuwa ektodemu, tabaka la nje. Nilipomuuliza kwa nini asianze na nguruwe au ng'ombe, wanyama ambao wanafunzi wake wanapishana nao kila asubuhi, alinijibu kwamba mpangilio ni uleule kwa mamalia wote, kwamba panya amechunguzwa kuliko wote, na kwamba kinachobadilika ni umbo tu. Ni hilo "tu" ambalo mimi, niliyezeekea katika mabanda ya mifugo ya Rungwe na Mbozi, siwezi kulimeza bila kulitafuna.

Hoja yake si nyepesi, na ingekuwa utovu wa adabu kuipuuza. Karibu majina yote tunayoyatumia kueleza jinsi matabaka yanavyopangwa yalithibitishwa kwanza, kwa upande wa mamalia, ndani ya panya. Mwaka 1927 Nadine Dobrovolskaïa-Zavadskaïa alieleza juu ya panya wenye mkia mfupi. Jeni iliyohusika, Brachyury, ilitengwa mwaka 1990, na leo ndiyo alama ya kwanza anayoitafuta mtu anayetaka kujua kama mesodemu imeanza kujitokeza. Mwaka 1993 ilionekana kwamba kiinitete cha panya kisicho na NODAL (hii, kama BMP4 na WNT3 zinazofuata, ni protini ambayo seli hutumiana kama ishara) hakipati mfuo wa awali, mwaka 1995 kwamba kisicho na BMP4 kwa kawaida hakitengenezi mesodemu, na mwaka 1999 kwamba bila WNT3 mfuo hauanzi kabisa. Hapo ndipo ulipopatikana mnyororo ambao kila mtu anaukariri: BMP4 huiamsha WNT3, WNT3 huiongezea nguvu NODAL, na upande utakaokuwa kichwa kundi dogo la seli za endodemu ya nje humwaga vizuizi kama CER1, LEFTY1 na DKK1 ili ishara hizo zisifike huko na mfuo usalie upande wa mkia. Panya hubeba mimba siku zisizozidi 20 hivi, na jeni zake zinaweza kuondolewa moja baada ya nyingine. Nguruwe hubeba siku 114, na anayejaribu kumfanyia hayo atatumia umri wake wote kwa jeni tatu.

Hayo yote nayakubali. Lakini mnyororo unaeleza nani anamwambia nani. Hauelezi kila mmoja amekaa wapi.

Julai mmoja, baridi ya Rungwe ikiwa imekaza, niliitwa kukagua nyama ya mtamba wa nguruwe aliyevunjika mguu siku ya 13 baada ya kupandishwa. Nikaomba mji wa mimba kabla haujatupwa. Nilimimina maji vuguvugu yenye chumvi kidogo katika pembe moja, nikaikamua polepole kwa vidole kama mtu anayekamua utumbo, na yaliyotoka nikayapokea katika beseni jeupe. Yalikuwa nyuzi laini zilizojisokota, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, nyingine ukizinyoosha zinapita urefu wa mkono. Mama mwenye nyumba aliinama akaniuliza, "Bwana mifugo, hayo unayoyaokota si makamasi?" Nikamwambia, "Hapana mama, ndio watoto wenyewe hao." Hakuniamini, na simlaumu. Mtoto mwenyewe ni doa dogo katikati ya uzi, lenye ukubwa wa kichwa cha pini hivi. Chini ya lenzi doa lile lilikuwa sahani ya umbo la yai, bapa, imelala wazi juu ya uzi, na kutoka ncha moja kulikuwa na mstari mweusi kidogo uliofika karibu nusu ya safari. Huo ndio mfuo wa awali. Kikombe hakikuwepo popote.

Sahani hiyo si ya nguruwe peke yake. Ng'ombe anayo, kondoo anayo, sungura anayo, na binadamu anayo. Ni panya na jamaa zake kadhaa wenye meno ya kuguguna ndio waliokwenda njia ya pembeni, kiasi kwamba wanaanatomia wa karne ya 19 walipokuta endodemu ikiwa nje na ektodemu ikiwa ndani waliita hali hiyo kupinduka kwa matabaka. Kiinitete cha panya ni kama sweta lililovaliwa ndani nje, na hulazimika kujigeuza baadaye, kwenye siku ya nane na kitu, ili mgongo ukae mahali pake. Nashangaa kwamba mnyama anayehitaji kujipindua kwanza ndiye tuliyemfanya kielelezo cha wasiojipindua.

Watetezi wa panya husema kwamba geometria haibadilishi kemia. Mimi naona inaibadilisha, kwa sababu ishara husafiri kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani, na umbo ndilo linaloamua ujirani. Ndani ya panya, trofoblasti (tabaka la nje linalosaidia kujenga kondo la nyuma) iliyo juu ya epiblasti (seli zitakazokuwa mtoto mwenyewe) hukua ikashuka chini na kuikandamiza hadi ikawa kikombe, na tabaka hilo hilo, likiwa limekaa kwenye mdomo wa kikombe, ndilo linalotoa BMP4. Ndani ya nguruwe, trofoblasti iliyokuwa juu ya epiblasti huchakaa na kutoweka mnamo siku ya tisa au ya kumi, sahani ikabaki wazi ikioga majimaji ya mji wa mimba, ikigusana na trofoblasti kwenye ukingo wake tu. Yule msemaji mkuu wa panya hayupo tena pale alipotarajiwa. Mesodemu inatokea vilevile, mfuo unatokea vilevile, lakini swali la ishara inaanzia wapi linapaswa kuulizwa upya, na anayefundisha kikombe peke yake hata hajui kwamba kuna swali.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote halikuhusu mnyama yeyote. Mwaka 2014, katika maabara ya Ali Brivanlou mjini New York, seli shina za binadamu, ambazo bado hazijachagua kuwa seli za aina gani, zilikuzwa katika visahani vya duara visivyofikia upana wa milimita moja, kisha zote zikamwagiwa BMP4 kwa kiwango kimoja. Seli zilikuwa za aina moja na dawa ilikuwa moja; mtu angetarajia jibu moja. Badala yake zilijipanga kwa pete: ukingoni seli za nje ya kiinitete, kisha endodemu, kisha mesodemu, na katikati kabisa ektodemu. Za ukingoni ziliisikia ishara kwa nguvu, za katikati hazikuisikia sawasawa, kwa sababu vipokezi vyake vilikuwa vimejificha ubavuni na kizuizi kiitwacho NOGGIN kilikuwa kimejaa. Badilisha duara na upana, na pete zinabadilika. Sijui ni ushahidi gani zaidi anaouhitaji mtu ili aache kusema "umbo tu".

Zipo tofauti nyingine zinazogusa kiini cha jambo. Seli asilia za uzazi, zile zitakazokuwa mayai na mbegu, huchaguliwa wakati huohuo matabaka yanapopangwa. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba kwa binadamu jeni inayoongoza uchaguzi huo ni SOX17, jeni ambayo kwa panya haina ukuu huo. Na mwaka 2017 ilionekana kwamba nguruwe anakwenda na binadamu. Miaka mingi vitabu vilieleza njia ya panya kama njia ya mamalia.

Sasa, kwa nini jambo hili lisiamuliwe kwa kumtazama binadamu mwenyewe? Kwa sababu hapo mlango umefungwa, na umefungwa kwa mfuo uleule. Kamati ya Mary Warnock ya Uingereza ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete cha binadamu kisikuzwe maabara kupita siku 14, na sheria ya nchi hiyo ikakubali mwaka 1990. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndipo mfuo wa awali unapokaribia kuonekana. Mwaka 2021 kundi la Shankar Srinivas wa Oxford lilitangaza usomaji wa jeni, seli kwa seli, wa kiinitete cha binadamu kilichokuwa katikati ya kupanga matabaka, chenye siku kati ya 16 na 19. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini kilikuwa kimoja. Mimi, ambaye nikiona ng'ombe mmoja anayechechemea siandiki kwamba kata nzima ina ugonjwa wa miguu, nimeirudia namba hiyo mara nyingi. Vingine vimeongezeka tangu hapo, ila bado unavihesabu kwa vidole. Wakati huohuo, katika kila mji wa nyanda hizi ambako kitimoto huliwa, na hapa kwetu huliwa kwelikweli, sahani za aina ileile hutupwa shimoni pamoja na matumbo.

Kuna na kondoo. Huko Idaho, Marekani, wafugaji waliona wana-kondoo wakizaliwa na jicho moja katikati ya paji, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mama zao walikuwa wamekula mmea uitwao Veratrum californicum kwenye siku ya 14 ya mimba. Mama aliyeula siku nyingine angeweza kuzaa mwana mwenye macho mawili. Sumu iliyokuwamo, saiklopamini, huzima ishara inayotolewa na mesodemu ya mbele kabisa, ile inayolala chini ya ubongo unaoanza na kuugawa uwanja wa jicho uwe wa kulia na wa kushoto. Malishoni, bila darubini, mfugaji alikuwa amepewa tarehe ya tukio ambalo maabara ililieleza kimolekuli miaka mingi baadaye, mwaka 1998. Elimu hiyo haikuanzia kwa panya.

Nisimpambe nguruwe kupita kiasi. Amnioni yake, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, hutokea kwa mikunjo inayopanda pembeni mwa sahani na kukutana juu, baada ya mfuo kuanza. Ya binadamu hujitenga mapema kutoka katika epiblasti yenyewe, kabla ya mfuo, na kwa nyani kuna dalili nzuri kwamba amnioni hiyo ndiyo mojawapo ya vyanzo vya ishara ya kuanzisha mesodemu. Katika hili nguruwe hamsaidii mtu, na panya pia hamsaidii. Kiinitete cha binadamu hujizika katika ukuta wa mji wa mimba. Cha nguruwe huegemea tu. Na ukitaka kuthibitisha kwamba jeni fulani ni ya lazima, bado utamrudia panya, nami sina aibu kulisema.

Hata hivyo lipo jambo ambalo beseni lile lilinionyesha na ambalo mchoro wa kikombe hauna nafasi ya kulionyesha. Viinitete vile vya mtamba mmoja, vya siku moja, havikuwa na umri mmoja. Baadhi ya sahani zilikuwa na mfuo uliofika nusu, nyingine zilikuwa na kivuli tu upande mmoja, na kiinitete kimoja kilikuwa bado kipovu, hakijaanza kurefuka. Kwa nguruwe, kati ya asilimia 20 na 30 ya viinitete hufa kabla ya siku ya 30, na vingi vya hivyo hupotea katika wiki hii ya mfuo. Wapo wanaoeleza kwamba vilivyotangulia hutoa estrojeni inayoyabadilisha majimaji ya mji wa mimba, vilivyochelewa vikajikuta katika mazingira yasiyowafaa tena. Mfugaji wa Mbozi anayelalamika kwamba jike lake limezaa sita wakati la jirani limezaa kumi hulaumu dume, au pumba. Kile kipovu nilikitia katika kichupa chenye formalini nikakipeleka Iringa, na rafiki yangu amekiweka dirishani mwa maabara yake, kando ya ubao.