Akitoka Rihabu, Jioni Ataenda Wapi?

Familia nyingi hapa Nairobi zikilemewa na mlevi wao humkemea kwanza, kisha humwombea, na mwishowe hufungua kikundi cha WhatsApp cha kuchangisha pesa za rihabu, yaani kituo cha kuwatibu waraibu. Mchango huo nauheshimu, maana najua watu wanaoutoa huku karo ya watoto wao haijalipwa. Lakini miezi mitatu ikiisha, mtu wetu hurudishwa kwenye ploti ileile, na baa iko pale pale chini ya ngazi. Ni nani aliyepanga atakuwa wapi ikifika saa kumi na mbili jioni?

Ndiyo maana nashikilia kwamba kikundi cha watu wanaoacha pombe kitafutwe mapema, hata kabla ya mchango kukamilika. Na kichaguliwe kwa saa na njia ya matatu.

Vikundi vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous. (Taja jina lote unapouliza, ukisema AA tu, wengi hapa watadhani unatafuta chama cha wenye magari.) Vilianza mwaka wa 1935 huko Akron, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa soko la hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa wameshindwa na chupa. Kilichowasaidia ni kuketi na kuzungumza, mlevi kwa mlevi, na hadi leo mikutano huendeshwa hivyo. Hakuna ada wala fomu. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote anatia, asiye nacho anakipitisha kwa jirani. Sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa.

Wapo wanaosema hayo ni maneno matupu, tiba ni dawa. Mwaka wa 2020 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilichapisha tathmini ya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Pale wataalamu walipotumia mwongozo maalumu kuwaelekeza wagonjwa kwenye vikundi hivi, wengi zaidi waliacha pombe kabisa kuliko waliopewa tiba nyingine za mazungumzo. Kwangu hilo si jambo dogo, hasa kwa kitu kisicholipishwa.

Ila hospitali nayo ina nafasi yake, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Anayekunywa sana kila siku akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo aonwe na daktari kwanza. Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, ina kitengo cha waraibu, na nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupigwa bila malipo.

Mimi nilimsindikiza ndugu yangu mdogo. Mikutano mingine ni ya wenyewe pekee, mingine iko wazi hata kwa jamaa, kwa hivyo uliza kabla ya kwenda. Huu ulikuwa wazi, katika ukumbi wa kanisa, jioni ya siku ya kazi. Alichagua kiti cha karibu na mlango. Mama mmoja aliyefunga leso kiunoni alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa kubwa, na wengine wote aliwajazia vikombe mpaka juu. Alipofika kwa ndugu yangu alimimina nusu, akakishikilia kikombe hadi alipoona kimekamatwa kwa mikono miwili. Mikono ile ilikuwa ikitetemeka. Hakusema lolote, akaenda kwa mwingine. Baadaye, watu walipokuwa wakijitambulisha kwa jina moja moja, mama huyo ndiye aliyetangulia kusema, "Mimi ni mlevi." Alikuwa na miaka mingi bila kuonja. Ndugu yangu akainua macho kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza saa na njia. Sheria ya kudhibiti pombe ya mwaka wa 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, iliweka ufunguzi wa baa siku za kazi kuwa saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo saa ambayo fundi analipwa na marafiki wanaanza kupiga simu. Mkutano wa Jumamosi asubuhi ni mzuri, lakini haumfikii mtu huyo jioni ya Jumanne. Na kama kuufikia ni mpaka apande matatu mbili na kukatiza katikati ya jiji kwenye msongamano, atakata tamaa njiani. Anayeogopa kuonwa na majirani atafute uliopo kati ya kazini na nyumbani. Asipouzoea wa kwanza, ajaribu mwingine, kwa sababu vikundi havifanani.

Familia nayo ina pa kwenda. Al-Anon, iliyoanzishwa 1951, ni ya jamaa za walevi. Mamangu alijifunza kwao kuacha kulipa deni la kegi la mwanawe. Aliumia sana, lakini deni lililofuata mwanawe alilipa mwenyewe, kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Kinachonikera ni kwamba katika mikutano kadhaa niliyohudhuria, kila kitu kilisomwa kwa Kiingereza, na mwashi aliyekaa kando yangu hakufungua kinywa mpaka mwisho. Tunahitaji mikutano ya Kiswahili Kayole, Kawangware, Mathare, Githurai, saa za jioni. Kumbi zipo. Wazee wa kanisa, mnaoshika funguo za kumbi ambazo hukaa tupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa, tafadhali toeni jioni mbili kwa wiki, na tangazo lisomwe ibadani kama matangazo mengine, bila kutaja jina la mtu yeyote.