Shingo ya mzee aliyeanguka: "pingili zimesagika" ni jibu au ni haraka?

Mzee anateleza akishuka kitandani, anajigonga paji la uso, anashonwa, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku mbili baadaye shingo inauma. Anapigwa eksirei na jibu linatoka bila kuchelewa: pingili zimesagika, ni mambo ya umri, meza dawa za maumivu. Wapo madaktari, na ndugu pia, wanaoliona jibu hilo kuwa la busara, tena hawasemi kwa uvivu. Hata hivyo, kwa mtu aliyetoka kuanguka, naona linatolewa mapema mno.

Nianze na hoja zao, maana zina uzito. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku) vya shingo za watu 1,211 wasio na malalamiko yoyote, kuanzia vijana wa miaka ya ishirini hadi watu wa miaka ya sabini. Asilimia 87.6 walikuwa na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizotokeza nje ya mahali pake, jambo linaloendana na kusagika. Hata kati ya wale vijana, takriban watatu kwa kila wanne walikutwa nazo. Kwa hiyo ukimpiga mtu picha utakuta kitu, na kitu hicho kinaweza kumtia hofu, kumvalisha kola ya kushikilia shingo, hata kumpeleka kwenye upasuaji asiouhitaji. Kola yenyewe si kitu cha kuchezea. Ile ngumu, ikivaliwa kwa wiki kadhaa, huchubua ngozi chini ya kidevu na kisogoni hadi vidonda, hufanya kumeza kuwe shida, chakula kikapotea njia na kuingia mapafuni. Wazee wengine huanza kuchanganyikiwa usiku. Anayesema tusimtese mzee kwa vipimo anaongea jambo la kweli.

Lakini hiyo 87.6 imenikaa kichwani, na kila ninapoirudia naona inasema kinyume cha inavyotumiwa. Huletwa ili kumtuliza mgonjwa: usiogope, karibu kila mtu anazo. Sawa. Kama karibu kila mtu anazo na hazimuumi, basi kuziona kwenye picha hakutoshi kueleza maumivu yaliyoanza baada ya mtu kuanguka. Pingili za mzee huyu zilikuwa zimesagika wiki iliyopita pia, na wiki iliyopita aligeuza shingo bila taabu. Kilichobadilika ni kwamba ameanguka. Takwimu inayothibitisha kwamba kusagika ni jambo la kawaida ndiyo hiyo hiyo inayotukataza kulifanya kuwa sababu na kufunga faili. Tena watu 1,211 wale walikuwa wa kujitolea, wasio na malalamiko. Hawakuja wakiwa wameshika shingo baada ya kujigonga. Kwa mtu wa makamo ambaye shingo inamkaza kwa kukaa sana mezani, takwimu hii ni faraja halali. Kwa mzee mwenye nyuzi kwenye paji la uso haifai.

Na kusagika kwenyewe, katika ajali, si shahidi asiyehusika. Umri ukikaza pingili za chini za shingo, mwendo mwingi unabaki juu, kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Pingili ya pili ina kipande cha mfupa kilichosimama wima, kiitwacho jino, ambacho kichwa huzungukia. Mzee akianguka kifudifudi na kupiga paji la uso au kidevu, kichwa kinarushwa nyuma na nguvu yote inaishia pale, kwenye mfupa ambao huenda umeshapoteza uimara. Mivunjiko ya jino hilo ndiyo inayoonekana zaidi katika shingo za wazee, na mingi hutokana na kuanguka kutoka kimo cha mtu aliyesimama, au chini ya hapo. Hakuna gari wala ngazi ndefu. Ndiyo maana neno "aliteleza tu" linapotosha: kwa kijana ni habari njema, kwa mtu wa miaka themanini halituambii lolote kuhusu uzito wa jeraha.

Kuna na hili la pili. Vinundu vya mfupa vinavyoota pembeni mwa pingili hupunguza nafasi ya neva kuu iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Shingo ikipinda ghafla kwenda nyuma, neva hiyo hubanwa hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Richard Schneider na wenzake wa Marekani waliieleza hali hii mwaka 1954: mikono hudhoofika kuliko miguu. Mzee anatembea mwenyewe hadi chooni, lakini vifungo vya shati vinamshinda na kijiko kinamponyoka. Kwa kuwa anatembea, watu wanatulia. Kisha udhaifu wa vidole nao unapewa jina la uzee, na siku zinapita.

Wauguzi wazoefu huangalia jambo moja dogo: mzee anapotaka kuinuka kitandani, je, anakishika kichwa chake kwa mikono miwili kabla ya kukinyanyua? Mwenye jino hilo la pingili lililovunjika anaweza kufanya hivyo bila kufundishwa. Aliye na ugonjwa wa kusahau huenda asiseme kabisa kwamba anaumwa, lakini huenda akakishika. Eksirei ya kawaida nayo huikosa mivunjiko mingi, hasa pale ambapo vinundu na vivuli vya mifupa vimejazana; kipimo cha CT, kinachounganisha eksirei nyingi kwa kompyuta, huona zaidi. Kanuni ya Kanada ya mwaka 2001, inayotumika kuamua ni majeruhi yupi apigwe picha ya shingo, haikuzungukazunguka kwenye hili: umri wa miaka 65 na kuendelea unatosha peke yake.

Hoja inayonipa kazi zaidi ni nyingine. Inasema: hata mvunjiko ukionekana, mzee dhaifu mara nyingi hafanyiwi upasuaji. Huvalishwa kola, mfupa pengine usiunge kabisa, pakaota kovu gumu tu, naye akaishi vizuri. Sasa kilitafutwa nini? Najibu kwamba kujua kunabadilisha mambo mengi nje ya chumba cha upasuaji. Shingo yenye mvunjiko haichuliwi wala kuvutwa na mtu. Wanaomnyanyua kitandani wanajua wamshike vipi. Vidole vikianza ganzi, wanajua wasisubiri. Na kola, ikibidi, inavaliwa kwa sababu inayojulikana na kwa muda uliopangwa, au inaachwa kwa sababu mgonjwa mwenyewe amepima vidonda na shida ya kumeza akaona havimfai.

Ninapokubaliana kabisa na wenzangu wa upande wa pili ni kwa mtu aliye karibu na mwisho wa maisha, ambaye yeye na watu wake wamesema wazi kwamba hawataki kusafirishwa wala kupimwa tena. Hapo kutopiga picha ni uamuzi halali, na uandikwe hivyo hivyo: ameanguka, shingo inauma, amechagua kutopimwa. Kuandika "kusagika kwa pingili kutokana na umri" ni kudai kwamba sababu imepatikana, na atakayemhudumia kesho atalisoma neno hilo na kuacha kutafuta.