Januari si adhabu ya Krismasi

Kila mwaka, mabasi yakianza tu kuwarudisha watu Kampala kutoka vijijini, maneno nayo huanza, redioni na kwenye mimbari: mliila Krismasi, sasa Januari inawala. Anayerudi kutoka Bushenyi au Mbale huhesabiwa mjinga aliyemaliza pesa kwa nyama na nauli, njaa kajitakia mwenyewe. Nimeyasikia haya miaka mingi hapa Kisenyi, mtaa wetu wa Kampala, na naona anaonewa.

Wanaolaumu wana hoja, nzito kuliko zote ikiwa karo. Muhula wa kwanza hufunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Elimu ya msingi ya bure ilianza 1997, lakini chakula cha mchana, sare na madaftari vinamsubiri mzazi palepale. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa deni hafarijiki kusikia kwamba bibi yake alifurahi sana Desemba. Hilo silipingi.

Ila hiyo Januari tuihesabu vizuri. Tuseme mshahara wa Novemba umeingia tarehe 28. Wa Desemba huharakishwa kwa ajili ya sikukuu, tuseme tarehe 20. Hapo katikati ni siku 22. Kutoka 20 Desemba hadi 28 Januari ni siku 39! Mtu wa shilingi 600,000, ambaye kwa siku 30 angetumia 20,000 kila siku, sasa anabaki na 15,000 na kidogo. Hajanunua kuku, hajapanda basi, hajamvisha mtoto nguo mpya, na tayari kila siku imempungukia zaidi ya 4,600: mkaa, sabuni na takisi (basi dogo) ya asubuhi.

Mlaumu atajibu kwamba pesa ile ilikuwa ya Januari, imetangulia tu, angeiweka. Ni kweli, na ndiyo sehemu ngumu ya jambo hili. Lakini ilitangulia wiki ileile ambayo nauli hupanda hata mara mbili, na mama yuko kijijini anawahesabu waliofika. Wapo wanaotushauri tutume pesa kwa simu, tukae mjini. Krismasi ndiyo siku pekee ndugu wote wako uani pamoja. Siku hiyo ndipo mpaka wa shamba unapoonyeshwa vijana, kaburi la baba linapaliliwa, na ugomvi wa mwaka mzima unapata wazee wa kuusikiliza. Simu haikai kikao hicho.

Na anayerudi harudi mikono mitupu. Tarehe 3 Januari nilimpokea wifi yangu kwenye kituo cha mabasi, alfajiri, vumbi la njia nzima kwenye nyusi. Alishusha gunia la matoke, vichane vimefungwa kwa majani ya mgomba visichubuke, na mfuko wa maharage ya mavuno ya Desemba. Hata salamu hazijaisha akaniambia, "Wifi, haya usiyafungie kwenye plastiki, hayajakauka, yataota ukungu." Tuliyaanika mkekani siku tatu. Gunia lile na mfuko ule vilitufikisha tarehe 20, tukila jioni tu chakula cha moto, tukichangia sigiri moja na jirani ili mkaa usipotee bure. Hayo wengine wanayaita mateso. Kwetu ni desturi ya mwezi huu, na watoto wanaijua.

Waganda, yaani wenyeji wa Buganda, huuita mwezi huu Gatonnya, kwa kuwa ndizi mbivu huwa nyingi hadi zinadondoka zenyewe. Jua kali la kukatakata majani makavu ya migomba ni la Februari, Mukutulansanja. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Aliyeupa Januari jina aliangalia shamba, akaona shibe. Sisi tunaangalia tarehe ya mshahara.

Sisemi kila mtu ana gunia. Kisenyi imejaa Wasomali na Wakongomani wasio na kijiji Uganda, na kwao kodi ya nyumba ya Januari ni kodi tu, haina ndizi pembeni.

Lawama ningeielekeza kwingine. Vikundi vingi vya akiba hugawana pesa za mwaka mzima Desemba, kwa hiyo akiba humfikia mtu mkononi siku ambazo kila kitu ni ghali. Chetu kilikuwa hivyo. Tulibishana vikao viwili, mwenzetu mmoja akajitoa kwa hasira, kisha tukaamua Desemba mtu achukue nauli tu, mgao uwe Jumamosi ya mwisho ya Januari. Jumamosi hiyo tulikaa chini ya turubai, sanduku likafunguliwa kwa funguo tatu kama kawaida. Wengi walitoka pale moja kwa moja kwenda kulipa karo. Wifi yangu alitenga kidogo, akaingia sokoni kutafuta mbegu za maharage.