Kikande ndiye aliyesahauliwa

Nashukuru gazeti kwa kuandika habari za Tim McClanahan na utafiti wake wa matumbawe ya pwani ya Kenya, lakini makala nzima imezungumzia joto la bahari tu. Kweli, 1998 maji yalichemka, matumbawe yakapauka na sehemu kubwa ikafa. Hilo halina ubishi. Ila kazi yake ya miaka mingi inaonyesha jambo jingine lililo mikononi mwetu: samaki aitwaye kikande.

Samaki huyu ndiye mlaji mkubwa wa shefwa, wale wa miiba wanaotutoboa nyayo. Akivuliwa akaisha, shefwa huzaana kupita kiasi na kuutafuna mwamba wenyewe, na majani ya baharini wanayokula samaki kama tafi na pono hupungua. Ndani ya hifadhi ya bahari ambamo hakuvuliwi, kwa mfano ya Mombasa, shefwa ni wachache na samaki wapo. Lakini kikande harudi upesi, ni suala la miaka na miaka, na hapo ndipo wanasiasa wetu huchoka.

Halafu juya, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni. Mtafiti huyo huyo aligundua kuwa palipoondolewa juya, kipato cha wavuvi kilipanda, kwa sababu samaki wakubwa wenye bei walibaki. Mbona hilo halikuandikwa? Wanaosema uhifadhi unamnyima mvuvi riziki wangelisoma kwanza.

Mhariri, safari ijayo mtumeni mwandishi Kuruwitu, Kilifi, akawaulize wavuvi walioamua wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao.